Nabii Ndani ya Kisima

Mahubiri ya Dominika ya 20 ya Mwaka C
Masomo: Yer 38:4-6, 8-10, Ebr 12:1-4, Lk 12:49-53



Wapendwa wasikilizaji, taifa la Mungu mliopo Njombe mjini na Makambako, Wanging'ombe na Ludewa, Makete na kote ambako sauti hii inafika, tunawasalimu katika Dominika hii takatifu. Wengine mmekwisha kurudi kutoka Misa ya kwanza, wengine mnajiandaa kwenda. Wako pia wagonjwa na wazee ambao redio ndiyo njia yao ya kulisikia Neno la Mungu pamoja na wenzao. Sote tulitafakari Neno hilo kwa muda mfupi.

Somo la kwanza linatupeleka Yerusalemu, mji uliozingirwa na jeshi la Wakaldayo. Mkate unakaribia kwisha. Nabii Yeremia anasema jambo ambalo hakuna apendaye kulisikia: mji utatekwa, na mwenye kujisalimisha ataokoa maisha yake. Wakuu wa mji wanakwenda kwa mfalme Sedekia na mashitaka yao. Tuyasikilize vizuri mashitaka hayo, maana hayajazeeka. Hawasemi kwamba Yeremia amesema uongo. Hawaleti hoja wala shahidi. Wanasema tu kwamba maneno yake yanawalegeza askari mikono, na kwamba mtu huyu hawatakii watu mema. Kwa lugha ya siku zetu wangesema: huyu ni mchochezi, huyu si mzalendo.

Naye mfalme afanya nini? Kitabu kinatuonyesha kwamba Sedekia alimheshimu Yeremia, hata alikuwa akimwita kwa siri ili amwulize neno la Bwana. Lakini mbele ya wakuu wake anajibu kinyonge kwamba nabii yumo mikononi mwao, na kwamba yeye hana uwezo wa kuwapinga. Ndipo wakamshusha Yeremia kwa kamba katika kisima kisicho na maji, naye akazama matopeni.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Katika sura ya 36 ya kitabu hichohicho tunasoma habari za mfalme Yehoyakimu. Yeye aliletewa gombo lililoandikwa na Baruku kwa maneno ya Yeremia. Ilikuwa majira ya baridi, na moto ulikuwa ukiwaka mbele yake. Kila ziliposomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Sisi watu wa nyanda hizi za baridi twaijua raha ya kuota moto; mfalme yule alijipasha joto kwa ujumbe wa Mungu. Je, alichoma ukweli? La. Baruku aliketi tena, akaandika gombo jingine lenye maneno yote ya lile la kwanza, na mengine mengi yakaongezwa. Na miaka michache baadaye Yerusalemu ukaanguka, kama nabii alivyosema.

Wapendwa, tumesikia habari za kale. Sasa tutazame karibu na nyumbani.

Mtu akitoka Makambako kuelekea Mafinga na Iringa, hupita kijiji kinachoitwa Nyololo, katika Wilaya ya Mufindi. Ni pale inapochepuka njia ya kwenda Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Siku ya Jumapili, tarehe 2 Septemba 2012, wanachama wa chama cha CHADEMA walikuwa wakifungua tawi lao katika kijiji hicho, na polisi walifika kuwazuia. Walikuwapo pia waandishi wa habari, ambao kazi yao ilikuwa kutazama na kueleza. Mmoja wao alikuwa Daudi Mwangosi, mwandishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Mkoa wa Iringa. Alizingirwa na askari, akapigwa, na bomu la machozi lililofyatuliwa kutoka karibu likamwua papo hapo. Aliacha mjane na watoto.

Mwaka huohuo wa 2012 ndio Mkoa wetu wa Njombe ulizaliwa kutoka Mkoa wa Iringa. Kwa hiyo Nyololo si mbali nasi. Mwangosi alikuwa mwandishi wa nyumbani, na damu yake ilimwagika kando ya barabara ambayo malori yetu ya mbao na ya viazi huipita kila siku.

Tuangalie yaliyofuata. Waandishi wenzake walikuwa wamepiga picha. Picha hizo zilichapishwa magazetini, na nchi nzima ikaona mtu mmoja akiwa katikati ya askari wengi, dakika chache kabla ya kifo chake. Baraza la Habari Tanzania pamoja na Jukwaa la Wahariri walituma timu ya uchunguzi, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ilichunguza. Kesi ikafika Mahakama Kuu, Iringa. Mwezi Julai 2016 askari mmoja alitiwa hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Wapo waliosema kwamba adhabu hiyo ni ndogo; wapo waliouliza kuhusu wale wengine walioonekana pichani. Hatuwezi kumaliza maswali hayo hapa. Lakini kila mmoja wetu ajiulize: kama kamera zote zingenyang'anywa siku ile, nani angejua kilichotokea Nyololo? Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania ulianzisha tuzo yenye jina la Mwangosi. Gombo lilichomwa, na gombo jingine likaandikwa.

Somo la pili linatuambia kwamba tumezungukwa na wingu kubwa la mashahidi. Katika Kiswahili chetu cha Kanisa neno shahidi lina maana mbili: ni mtu aliyeona na kueleza, tena ni mtu aliyekufa kwa sababu ya aliyoyaeleza. Hatusemi kwamba kila mwandishi aliyeuawa ni mtakatifu wa altareni. Jambo hilo ni la Kanisa kuamua kwa utaratibu wake. Tunasema kwamba mtu anayekufa akiwa katika kazi halali ya kuwaeleza wenzake yaliyotukia ameshiriki mateso ya Yeremia, na kumsahau ni kosa.

Yafaa tukumbuke pia kwamba ugonjwa huu wa kuziba midomo haukuanza jana. Mwaka 1958, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Mwalimu Julius Nyerere alishitakiwa mahakamani kwa sababu ya makala iliyotoka katika jarida la Sauti ya TANU, iliyowalaumu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni. Alitiwa hatiani, akapewa kuchagua kati ya faini ya shilingi 3,000 na kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa. Basi Baba wa Taifa hili ni mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa neno lililochapishwa. Anayedhani kwamba kumkosoa mtawala ni desturi ya kigeni, na akumbuke kwamba uhuru wetu ulidaiwa kwa kalamu.

Hata hivyo, baada ya uhuru tulijitungia minyororo yetu wenyewe. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Mwezi Julai 2012, wiki chache tu kabla ya kifo cha Mwangosi, gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana. Mwaka 2013 yalifungiwa Mwananchi kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilichukua nafasi ya ile ya zamani, lakini mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliona kwamba vifungu vyake kadhaa vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Yako pia ya kumshukuru Mungu: Februari 2022 magazeti manne, MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yalirudishiwa leseni, na mwaka 2023 Bunge lilirekebisha baadhi ya vifungu. Lakini haki inayofungwa na kufunguliwa kwa mapenzi ya mtu mmoja ofisini hubaki kama mgonjwa anayepata nafuu leo na kuzidiwa kesho.

Labda mama mmoja anayetusikiliza akiwa jikoni anauliza: "Hayo yananihusu nini mimi? Mimi ni mkulima wa viazi, magazeti sisomi." Mama, yanakuhusu sana.

Njombe yetu kwa miaka mingi imetajwa kuwa mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote Tanzania Bara cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2011-12 ulionyesha asilimia 14.8 ya watu wazima. Ule wa mwaka 2016-17 ulionyesha asilimia 11.4. Hesabu hizo zinauma. Mtu angeweza kusema kwamba zinauaibisha mkoa, kwa hiyo zisitangazwe. Lakini wahenga wamesema: mficha ugonjwa, kifo humwumbua. Kwa kuwa zilitangazwa, watu walipima, dawa zilitafutwa, na watoto wengi hawakubaki yatima. Kumbe mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya iwe kosa kutoa hesabu zinazopingana na zile za serikali, na mwaka 2019 ilibidi irekebishwe tena kuliondoa jambo hilo. Tuone basi jinsi mambo haya yanavyoweza kufika hadi kwenye zahanati ya kijiji.

Tukumbuke pia mwanzo wa mwaka 2019, watoto wetu walipouawa kikatili hapa mkoani. Wazazi waliogopa kuwaacha watoto waende shule peke yao. Katika siku kama zile, penye ukimya huzaliwa uvumi, na uvumi hutafuta mtu wa kumpiga. Mtu asiye na kosa aweza kuuawa kwa kushukiwa tu. Habari ya kweli, iliyochunguzwa na kutangazwa kwa wakati, ni ulinzi wa mtoto na ni ulinzi wa mgeni pia. Na yule mkulima anayelazimishwa kujaza lumbesa, ambaye gunia lake moja limebeba mzigo wa gunia na nusu, nani atamsemea kama mwandishi anaogopa kuja shambani?

Ndiyo maana Ibara ya 18 ya Katiba yetu haiwalindi waandishi peke yao. Inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, na inampa pia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Na Kanisa lilikwisha kuisema haki hiyo ya kupata habari katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963. Mwandishi akifungwa mdomo, ni masikio yetu yaliyozibwa.

Sasa tuje kwenye Injili, ambayo wengine huiona ngumu. Yesu asema amekuja kutupa moto duniani, na kwamba hakuja kuleta amani bali mafarakano. Tunaushangaa usemi huu, kwa kuwa sisi Watanzania twaipenda amani, na ni vema kuipenda. Lakini ipo amani ya Kristo, na ipo amani ya wale wakuu wa Yerusalemu. Wakuu wale nao walitaka utulivu. Waliupata: nabii alikuwa chini kisimani, na juu kulikuwa kimya. Ukuta wa mji ulikuwa unabomolewa katika kimya hicho. Amani ya Kristo hujengwa juu ya kweli, hata kama kweli hiyo kwanza italeta mabishano nyumbani, baba na mwana wasielewane. Penye donda, daktari hulisafisha kwanza, na mgonjwa hulia.

Mtu aweza kuuliza: je, hakuna waandishi wanaosema uongo? Wapo. Amri ya nane inawahusu wao pia. Mwandishi anayepokea bahasha ili aandike sifa, au ili asiandike kabisa, ameuza kalamu yake. Anayechafua jina la mtu bila kumwuliza na kusikia upande wake ametenda dhambi, na anapaswa kulirudisha jina hilo kama mwizi anavyopaswa kurudisha mali. Lakini dawa ya uongo ni ipi? Bwana wetu mwenyewe alitufundisha usiku ule mbele ya kuhani mkuu. Mtumishi alipompiga kofi, Yesu hakumlaani. Alimwambia aonyeshe lilipo kosa kama amesema vibaya, na kama amesema vema, aeleze kwa nini anampiga. Hiyo ndiyo sheria ya Injili juu ya maneno: neno baya hujibiwa kwa ushahidi, kwa hoja, na ikibidi mbele ya hakimu anayesikiliza pande zote mbili. Kofi halijawahi kuthibitisha lolote. Wala kufuli la mlangoni mwa gazeti, wala bomu la machozi.

Turudi kisimani, maana habari haikuishia matopeni. Yuko mtu mmoja aitwaye Ebedmeleki, Mkushi, yaani Mwafrika mwenzetu, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Hakuwa nabii. Hakuwa na cheo kikubwa, tena alikuwa mgeni. Lakini alimwendea mfalme alipokuwa ameketi langoni, mbele ya watu, akamwambia waziwazi kwamba watu hawa wametenda vibaya, na kwamba Yeremia atakufa mle ndani. Na yule mfalme mwoga, aliposikia sauti moja ya ujasiri, alipata nguvu ya kutenda haki. Mistari inayofuata inaeleza kwamba Ebedmeleki alichukua pia matambara na nguo kuukuu, akamwambia Yeremia aziweke makwapani ili kamba zisimwumize. Angalieni upendo huu! Ujasiri mbele ya mfalme, na upole kwa mtu anayeteseka.

Wapendwa, wachache kati yetu wataitwa kuwa Yeremia. Lakini kila mmoja wetu aweza kuwa Ebedmeleki. Kwa vipi?

Kwanza, tuanzie nyumbani mwetu wenyewe. Makatekista na viongozi wa halmashauri za parokia, muumini anaposimama katika jumuiya ndogondogo na kuuliza habari za michango ya ujenzi, je, anajibiwa kwa hesabu, au anaambiwa amekosa heshima? Mtoto anayesema kwamba mtu mzima fulani anamtendea vibaya, je, anasikilizwa, au anafungwa mdomo ili jina la ukoo lisichafuke? Kisima kile chaweza kuchimbwa hata uani kwetu.

Pili, tuwe wasikilizaji waaminifu. Tusipeleke mbele ujumbe wa simu tusioujua ulikotoka. Na habari njema ya mwandishi wetu tunapoisikia, tumwambie ahsante. Mara nyingi hupata vitisho tu.

Tatu, tusikubali kununuliwa ukimya. Mwaka 2018 maaskofu wetu Katoliki, katika Ujumbe wa Kwaresima, walizungumzia waziwazi uhuru wa watu kutoa maoni na uhuru wa vyombo vya habari. Mwaka huohuo ndugu zetu maaskofu wa KKKT walitoa ujumbe wa Pasaka juu ya taifa na amani. Ofisi moja ya serikali ikawaandikia barua ikiwataka waukane, na waziri mwenyewe baadaye akaikataa barua hiyo. Hapa kwetu Wakatoliki na Walutheri tunazikana na kuoleana. Basi tusimame pamoja katika hili pia.

Nne, tuwaombee wenye madaraka. Sedekia hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwoga. Viongozi wetu nao wamezungukwa na watu wanaowaambia kwamba kila swali ni uadui. Tuwaombee wampate Ebedmeleki wao, mtu wa ndani ya nyumba atakayewaambia: hapa tumekosea.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Twausema msemo huu tangu utoto. Basi tukimwona mpenzi wa Mungu akishushwa kisimani, tusipite kando. Tutafute kamba, na tusisahau matambara.

Tuombe. Ee Mungu, wewe uliyemtoa mtumishi wako Yeremia katika matope, wapokee katika mwanga wako wote waliopoteza maisha yao kwa kutueleza kweli, naye Daudi Mwangosi pamoja nao. Wafariji wajane wao na watoto wao. Wape waandishi wetu moyo safi na mkono usiopokea rushwa. Wape watawala wetu masikio. Nasi utujalie ujasiri wa kusema na unyenyekevu wa kusikiliza. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawe Mungu Mwenyezi utubariki sote, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.